Namba ya Rangi na Faili Tupu

Nyie vijana wa siku hizi mna bahati mbaya moja: mnachomeka kitu, kinafanya kazi. Juzi mjukuu wa dada yangu kachomeka printa, hata hajakaa sawa kwenye kiti, karatasi imeshatoka. Nikamuuliza, "Kompyuta imejuaje kuwa hiyo ni printa?" Akaniangalia kama vile nimeuliza maji yanajuaje kuteremka. "Bibi, inajua tu."

Inajua tu! Mimi Zuhura nimefanya ufundi wa kompyuta Shinyanga mjini mpaka macho yalipogoma, na nawaambieni hakuna kompyuta inayojua tu. Kuna mahali imeuliza, ikajibiwa. Kazi yangu miaka ya tisini ilikuwa kwenda kulisoma hilo jibu kwa macho yangu, na mara nyingi nikishalisoma nilichanganyikiwa kuliko kabla sijalisoma. Basi kaeni niwasimulie. Nikiruka huku na kule mnivumilie, mambo yenyewe hayakunijia kwa foleni.

Aliyenifundisha ni Nilesh, kijana wa Kihindi, mtoto wa mwenye duka nililoajiriwa. Duka liliuza vipuri vya baiskeli na mikanda ya mashine za kusaga, na kona moja, chini ya picha ya mungu wao yenye maua, kulikuwa na kompyuta. Nilesh alisoma India akarudi na sidii moja ya Linux aliyoifunga kwenye leso kama dhahabu. Kisukuma alikijua kuliko mimi mtoto wa Kiislamu wa mjini. Wateja kutoka Ushetu wakija, mimi nahangaika, yeye anawasalimia kwa "mwangaluka" mpaka wanasahau walichofuata.

Ubaya wake mmoja: alikuwa haelezi. Ukimuuliza kitu anasema, "Soma." Nilesh, kadi hii ni ya nani? Soma. Nilesh, mbona haisikii? Soma. Nilikuwa natamani kumpiga na kibodi.

Alichotaka nisome kilikuwa humu. Kwenye Linux kuna folda inaitwa proc. Ukiingia ndani unakuta mafaili, yana majina, yana tarehe, kama mafaili mengine. Mojawapo liliitwa /proc/pci. PCI ni ile njia ya ndani ya ubao mkubwa wa kompyuta, penye sloti zile ndefu nyeupe za kuchomekea kadi. Ukilisoma faili lile, linakutajia kila kadi iliyochomekwa: nani kaitengeneza, iko sloti ipi, inaongea kupitia anwani gani. Vizuri. Sasa tazama ukubwa wake. Sifuri! Faili halina hata herufi moja, na ukilisoma linamwaga maneno kioo kizima.

Nikamwita. "Nilesh, faili hili ni tupu."

"Ni tupu kweli."

"Na hivi ninavyovisoma?"

"Ni vya kweli."

"Vimetoka wapi kwenye faili tupu?"

"Soma," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Hebu niambieni, hapo ningeelewa nini?

Kuna siku nilitumwa Geita, kwa mnunuzi wa dhahabu mmoja, mtu mnene mwenye meno mawili ya dhahabu hiyohiyo. Wenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, walikuwa wamejaa barazani na vifurushi vyao, na kompyuta inasema diski imejaa. Nikasema hii nayo ni kazi? Nitafute faili kubwa kuliko yote nilifute, nile nyama choma nirudi nyumbani. Nikatafuta. Nikalikuta moja linaitwa kcore, humohumo kwenye proc, kubwa la kutisha, mafaili yote ya ofisi ukiyajumlisha hayalifikii. Nikaliamuru lifutike. Likakataa. Nikaingia kama root, yaani mkubwa wa mashine ambaye hakatazwi kitu. Likakataa vilevile.

Mnunuzi amesimama nyuma yangu na kijiti cha meno. "Dada, si ulifute tu?"

"Linakataa."

"Linamkataa nani? Si wewe ndiye fundi?"

"Mzee, hata mimi nashangaa."

Nikahangaika nalo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mwisho nikaomba simu, nikampigia Nilesh. Akacheka mpaka nikausogeza mkonga mbali na sikio. Akasema, "Zuhura, hilo faili halipo."

"Nalitazama kwa macho!"

"Halipo. Hiyo ni kumbukumbu ya mashine yenyewe imevaa nguo za faili. Haijala diski hata tone. Tafuta kwingine."

Nikakaa kwenye kiti cha watu nikajiuliza. Linaloonyesha kubwa halipo. Linaloonyesha sifuri limejaa. Basi mimi natafuta nini katika kazi hii? Mama yangu aliniambia nishone nguo. Nguo ikiwa fupi ni fupi, haikudanganyi. Kilichojaza diski tulikuja kukikuta ni picha za harusi ya binti wa yule mnunuzi.

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa katika hali gani siku ya jineri.

Jineri ninayoisema ilikuwa upande wa Mhunze. Ukitoka mjini unapita Kolandoto, unaacha lami, unakula vumbi. Ni kiwanda cha kuchambua pamba: mbegu huku, nyuzi huku, nyuzi zinafungwa marobota. Soko lilikuwa limefunguliwa, kwa hiyo wakulima wenye pamba ya kujaza trela walikuja nayo wenyewe mpaka mlangoni. Getini kulikuwa na mzani wa magari, trekta inapanda na trela lake, uzito unasomeka. Ila kioo cha mzani wenyewe kiliunguzwa na radi. Nilesh akauunganisha mzani na kompyuta kwa waya, na kwa kuwa kompyuta ile haikuwa na matundu ya kutosha, akachomeka kadi ya PCI yenye matundu ya ziada.

Sasa kadi ile Linux haikuijua. Ukisoma /proc/pci inakuambia mtengenezaji hajulikani, kifaa hakijulikani, yaani kadi haina kwao. Lakini anwani yake inaitaja. Siku ya kuifunga Nilesh aliniambia soma, nikasoma kwa sauti: "Sita elfu na mia moja." Akasema sasa iambie Linux kwamba tundu la mzani liko anwani 6100, uiandike na kwenye faili la kuwashia, isisahau. Nikaandika. Mzani ukasomeka. Watu wakapiga makofi.

Pembeni alikuwepo Mzee Luhende. Huyu kazi yake tangu ujana ilikuwa kupaka namba marobota. Ana bati lililotobolewa tarakimu, ana brashi, ana kopo la rangi nyeusi. Robota likifungwa tu, analipaka namba ubavuni, na namba hiyo ndiyo inayokwenda nalo kwenye treni, bandarini, melini, mpaka huko Ulaya kwenye viwanda vya nguo. Pale jineri kitu kisicho na namba ya rangi hakikuhesabika kuwa kipo. Hata viti vya ofisi vilikuwa na namba, hata jiko la chai.

"Umesema ngapi, mama?" akaniuliza.

"Elfu sita mia moja, babu."

Akaweka bati lake ubavuni mwa kompyuta, akapiga brashi: 6100. Akaliondoa taratibu, akapuliza. Ilipendeza mno. Nilesh aliitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Wabeja, Mzee Luhende." Asante, basi. Mtu hawezi kusema "soma" hata siku inayohitajika?

Msimu ukaenda. Nikaitwa tena mwishoni kabisa, siku ambazo mawingu ya kwanza yanajikusanya na kila mtu anaangalia juu. Nilesh alikuwa Mwanza kwenye harusi. Nikapanda pikapu ya jineri peke yangu na bisibisi zangu kwenye mkoba.

Tunafika, nakuta matrekta na matrela yamepangana kutoka getini mpaka kwenye michongoma. Mzani hausomi tangu asubuhi. Kompyuta inawaka, programu inafunguka, penye uzito pametulia nyota tupu. Mizani ya mkono ilikuwa imepelekwa vijijini kununulia. Na meneja ana sheria yake: pamba isiyopimwa haivuki geti, kwa sababu ikishaingia kwenye banda bila uzito haina mwenyewe tena, na amewahi kugombanishwa na watu. Upande wa mashariki wingu limekaa jeusi. Pamba ikinyeshewa hainunuliwi.

Trela la kwanza kwenye foleni, magurudumu yanagusa mzani, halikuwa na turubai. Wengine wote walikuwa nayo. Kando yake amekaa mama mmoja amejifunga kanga mbili, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe fundi?"

"Ndiyo mimi."

"Mimi ni Mama Minza. Hii pamba ni yangu." Alilisema hilo kwa nguvu, nikashangaa. Kisha nikamwona mwanamume amekaa kwenye chuma cha kuvutia trela, anaangalia wingu. "Na huyo ni shemeji yangu Mabula. Mdogo wa marehemu mume wangu. Ametumwa na ukoo aje aone."

"Aone nini, mama?"

Mabula akajibu yeye, kwa upole kabisa. "Tulikubaliana kikao, dada. Kaka alipofariki tukasema, haya, alime msimu mmoja peke yake tuone. Akiweza kuuza, shamba abaki nalo yeye na watoto. Asipoweza, shamba linarudi kwenye ukoo, mimi ndiye nitalilima. Siyo mimi niliyesema, ni kikao."

"Na mvua ikinyesha hapa getini?" nikauliza.

"Mvua ni ya Mungu," akasema.

Mama Minza hakumtazama. Akaniambia mimi, "Turubai niliazimwa. Asubuhi mwenyewe kabadili mawazo." Nilikuja kutengeneza mashine, sasa naambiwa kuna shamba la mtu ndani yake.

Nikaingia kwenye chumba cha mzani. Nikamkuta fundi umeme wa jineri anajifuta mikono. "Jana niliisafisha," akaniambia kwa fahari. "Vumbi la pamba lilijaa kama godoro. Nikafungua, nikatoa kadi zote, nikapuliza na kompresa, nikazirudisha. Haijabaki hata moja."

"Zote umezirudisha?"

"Zote, dada. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu, zipo zote. Nikachungulia nyaya chini ya meza, mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikainama mpaka kilemba kikavuka. Nyaya sawa. Faili la kuwashia linasema 6100. Ubavuni rangi ya Mzee Luhende inasema 6100. Mzani kimya.

Nikasema nisome basi. Nikasoma /proc/pci. Kadi yetu isiyo na kwao ipo. Anwani: 6500.

Loo! Nikasoma tena. 6500. Nikafumba macho, nikafumbua. 6500.

"Vipi?" meneja akauliza dirishani.

"Faili linasema elfu sita mia tano."

Mzee Luhende alikuwa mlangoni. Akaingia, akainama akaitazama rangi yake. "Mia moja," akasema. "Mimi sijawahi kukosea namba, mama. Tangu nikiwa kijana. Hata Uingereza hawajawahi kurudisha."

"Najua, babu."

"Hilo faili liko wapi nilione?"

"Lipo… halipo. Yaani ni tupu."

"Tupu?"

"Ukubwa wake ni sifuri."

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Sasa mama, unaacha namba iliyo kwenye chuma, unaamini ya kwenye faili tupu?"

Wanangu, na mimi nilimwona ana haki! Mimi huyu niliyelitazama faili kubwa la Geita likawa halipo, ningeapa kwa lipi kuhusu faili tupu? Rangi naigusa kwa kidole. Nikaamua kwamba faili limeharibika. Lilipuliziwa kompresa likachanganyikiwa, kama mimi. Dawa yake? Nilirekebishe. Nikalifungua ili nifute 6500 niandike 6100, faili na rangi vipatane, mashine itulie.

Likakataa kuandikwa. Nikaingia kama root. Likakataa. Nikapiga meza. "Mimi ndiye mkubwa wako!" Fundi umeme akarudi nyuma hatua.

Nje upepo ukaanza kupeperusha nyuzi za pamba. Mtu akapiga kelele kwenye foleni, "Jamani, sisi tunalala hapa?" Nikachungulia. Mama Minza amesimama sasa, amevua kanga ya juu, anaitandaza juu ya kona ya trela na kuifunga kwenye nondo. Kanga moja juu ya trela zima la pamba! Akatazama ilivyofika, akavuta ile kona, akafunga tena. Machozi yakanilenga, sisemi uongo. Mabula amekaa palepale.

Nikasema Zuhura, hapa huna Nilesh na huna simu. Kama hujui nani anasema kweli, mtafutie mtihani. Nikazima mashine.

"Unazima tena?" meneja akafoka.

"Nazima, bosi. Niache."

Nikafungua, nikaichomoa kadi ya mzani nikaiweka mezani. Nikawasha. Wale mnaowasha simu kwa kupepesa jicho hamjui mashine ile ilivyochukua muda wake kuamka. Ilipoamka nikasoma lile faili. Kadi isiyo na kwao imetoweka! Zingine zote zipo, ile haipo. Nikageuka nikatazama ubavuni. Rangi bado inasema 6100, na kadi iko mezani karibu na kikombe cha chai.

"Babu," nikamwambia Mzee Luhende, "namba yako inaita mtu ambaye hayupo."

Akakuna kidevu.

Nikazima, nikairudisha kadi kwa haraka, radi imeshaanza kunguruma, nikaisukuma kwenye sloti ya kwanza iliyonijia mkononi. Nikawasha. Nikasoma.

6700.

Ya tatu! Wallahi nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Meneja akaingia ndani kabisa. "Sasa ni ipi? Mia moja, mia tano, au mia saba? Nyie mafundi mnabahatisha?"

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Angalia juu!"

Nikamshika fundi umeme mkono. "Jana ulipoirudisha hii kadi, uliirudisha sloti ileile?"

"Niliiweka ya chini," akasema, "ipate hewa. Kuna ubaya?"

Hapo ndipo mwanga uliniingia, ingawa nusu tu. Mnadani mnakujua: muuza vitunguu hana kiwanja chake cha kudumu, leo anakaa alipopata, kesho kwingine, na ukimfuata pale ulipomkuta juzi utanunua sabuni. Kadi nazo hivyohivyo. Kila mashine inapowaka inazigawia anwani upya kulingana na zilivyokaa. Na lile faili tupu ni tupu kwa sababu hakuna aliyeliandika mapema. Ukilifungua, ndipo kerneli, yaani kiini cha mfumo, inakwenda kwenye kadi zenyewe, inaangalia, inakuletea jibu la sasa hivi. Ndiyo maana huwezi kuliandika. Utaandikaje kitu ambacho hakijasemwa? Haya nayasema vizuri leo. Siku ile nilichosema ni: "Ya mwisho! Twende na ya mwisho!"

Nikaiambia Linux tundu la mzani liko 6700. Nikafungua programu. Nyota. Nikakumbuka waya wa mzani uko mezani, nimeuchomoa mwenyewe. Nikauchomeka. Namba zikaanza kucheza, zikapanda, zikashuka, zikatulia kwenye sifuri.

"Pandisha!" nikapiga kelele dirishani. "Pandisha trela!"

Trekta ikanguruma, trela likapanda na kanga yake moja. Uzito ukasimama. Nikabonyeza, ukahifadhiwa. "Ingiza bandani!" Meneja mwenyewe akakimbia kufungua geti. Magurudumu ya nyuma yalipokuwa yanavuka chini ya bati, tone la kwanza lilidondoka kwenye kioo cha dirisha langu, nene, na vumbi lake. Makuli wakapanda juu ya trela na kuanza kusukuma pamba chini kwa mikono na miguu. Nyuma yetu wenye maturubai wakayakaza, hao wangengoja, wao waliweza kungoja.

Mzee Luhende aliitazama ile 6100, akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kuisugua. "Niandike mia saba?" akaniuliza.

"Hapana babu, acha wazi tu."

"Bila namba?"

"Bila namba."

Akatikisa kichwa. Nina hakika mpaka anastaafu aliona sisi wa kompyuta ni watu tusio na utaratibu. Na nyinyi mkipata kazi, msimcheke mtu wa namna hiyo. Namba ya robota ni kweli haibadiliki, na dunia nzima iliitegemea. Mjue tu ni vitu gani vinapakwa rangi na ni vipi vinaulizwa upya kila asubuhi.

Trela likarudi mzanini tupu, linachuruzika maji, meneja akaanza kubishana kwamba mvua imeliongezea uzito. Nikamwambia aende akalipanguse basi. Watu wakacheka, akaachana nalo. Tukapima, hesabu ikajifanya yenyewe, ikabaki sehemu moja ya kujaza kabla printa haijachapa cheti cha uzito: jina la mwenye mali.

Wote wawili walikuwa wameingia chumbani kwangu kukimbia mvua. Bati lilikuwa linapigwa mpaka unahisi kwenye meno.

"Niandike jina gani?" nikauliza.

Mabula akanitajia jina la kaka yake. "Shamba ni la kwake. Ndilo jina linalojulikana."

Nikaweka vidole kwenye kibodi. Sikubonyeza. Nikamtazama Mama Minza.

"Marehemu hakupalilia," akasema.

"Shemeji…"

"Nilimpenda, Mungu anajua. Lakini pamba hii hakupalilia. Mwanangu, andika jina langu mimi, Holo. Holo Masanja."

Nikaandika Holo Masanja. Printa ikaanza kukereza, ikatema karatasi, nikaichana. Nikampa mwenyewe. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama juu na chini. Kisha akamnyooshea Mabula.

"Umetumwa uje uone. Nisomee."

Mabula akaipokea. Akasogea dirishani penye mwanga. Akasoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, jina, uzito, daraja la pamba: la kwanza. Makuli walikuwa wamesimama mlangoni wanachuruzika, Mzee Luhende na kitambaa chake, meneja na funguo zake.

Mama Minza akainua mkono akaonyesha bati la juu, mvua inavyolipiga.

"Sijasikia, shemeji. Soma tena."

Mabula akavuta pumzi, akaanzia kwenye jina, na safari hii alipiga kelele.